Dada wa kwenda na kurudi: siku yangu moja na vyombo vya watu, Moshi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pasua. Uji wa watoto wangu umeshaingia kwenye chupa ya chai, na sufuria naijaza maji ya baridi papo hapo, nafunika, naondoka. Maji ya baridi jamani, siyo ya moto. Ukoko wa uji au wa ugali ukiumwagia maji ya moto unaendelea kuiva na kung'ang'ania, na ukiwa wa maziwa au mayai ndiyo kabisa. Maji ya moto ni ya mafuta. Mpaka jioni ule utando utakuwa umejibandua wenyewe, kazi ni kuumwaga tu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa, "Kwani kuosha vyombo nayo ni kazi?" Na ukisema wewe ni dada wa kazi, mtu anapata picha ya binti aliyetolewa kijijini, analala stoo. Mimi nimepanga, nina watoto, naingia saa moja na kutoka saa kumi na moja. Hata sheria inatutenganisha: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 120,000 kwa mwezi kwa anayekwenda na kurudi, na 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. Bosi wangu anapandisha juu ya hapo, ndiyo maana bado nipo. Siku yetu duniani ni tarehe 16 Juni, ambayo ndiyo hiyohiyo Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa hiyo sisi huwa tunaisherehekea kwa kuwavalisha watoto wa watu waende kwenye maandamano.

Saa moja niko Rau. Bosi ananikabidhi nyumba mlangoni huku anatafuta funguo za gari, watoto wanapanda basi la shule, na haipiti nusu saa vyombo vya chai vimekwisha.

Haikuwa hivyo zamani. Nyumba hii ya watu watano ilikuwa ikitoa vikombe rundo zima kabla ya adhuhuri, na si kwamba wana kiu sana. Mtoto anakunywa maji, anaacha kikombe mezani, akirudi kutoka kucheza hajui kile ni cha nani, anachukua kingine. Nikanunua nyuzi za kufumia Mbuyuni, nikafunga kila kikombe rangi yake kwenye mkono, vikakaa kwenye sinia pembeni ya jagi. Vingine vyote nikavipandisha juu kabisa kabatini, pale ambapo lazima utafute stuli. Hakuna aliyelalamika isipokuwa baba mwenye nyumba, aliyeangukiwa na uzi wa pinki kwa kuwa ndio uliobaki.

Kwenye kuosha kwenyewe sina maajabu. Beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Glasi kwanza, kisha vikombe, vijiko, sahani, sufuria mwisho kabisa, maana ukianza na sufuria umeshachafua maji ya kila kinachofuata. Maji ya kusuuzia yakichoka yanatiwa sabuni yanakuwa ya kuoshea, na yale ya kuoshea yanakwenda migombani. Sipangusi kwa kitambaa. Kichanja kipo nje, upepo upo, na kitambaa kibichi kinachoning'inia jikoni siku nzima mimi sikiamini.

Saa tatu ni zamu ya vitu visivyo na mwenyewe. Chini ya sinki hapa kulikuwa na gunia la rambo zilizokunjwa vizuri, akiba ya kabla ya Juni 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Rambo zikaondoka, sasa ile mifuko mbadala ndiyo inazaliana. Nimeiruhusu minne, iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukiingia wa tano, mmoja unaondoka na muuza mboga. Kopo lisilo na mfuniko halilali jikoni, linatobolewa chini na kupandwa pilipili. Mifuniko ya sufuria inasimama ukutani nyuma ya waya niliofunga kwenye misumari miwili, sufuria zimelaliana moja ndani ya nyingine, na kaunta inaonekana rangi yake.

Kilichonitoa jasho ni hotpoti. Mwanamke aliyefanyiwa kichen pati Tanzania hii ana hotpoti za kulisha kata nzima, na bosi wangu alikuwa amezipanga zote kaunta zikisubiri mgeni. Sasa fikiria: hotpoti ina bakuli la ndani, ina mfuniko, ina kile kimpira cha pembeni kinachoshika harufu ya samaki mpaka wiki ijayo. Wali kwenye hotpoti, maharage kwenye hotpoti, mchicha kwenye hotpoti, na sufuria zake bado zinakusubiri zioshwe. Nikamwomba tujaribu kupakua jikoni, kutoka sufuriani hadi kwenye sahani ya mtu. Alikataa muda mrefu, akisema chakula kisichokaa mezani kina aibu. Alikuja kukubali siku nilipokuwa naumwa akaosha mwenyewe.

Saa nne bibi akanawa mikono. Huyu ni mama mzazi wa bosi, ameshuka kutoka Marangu kwa sababu mwanawe wa kiume, mjomba wa watoto, yuko likizo kutoka Dar. Amekuja na mkungu wa mshare, tunapika mtori. Utomvu wa ndizi hauna adabu. Ukimenya kwa mikono mikavu unabaki na vidole vyeusi kama fundi gereji, na kisu kinashika gundi ya kahawia ambayo sabuni inaizungushazungusha tu. Bibi anajipaka mafuta ya kula viganjani, anapitisha kidole chenye mafuta pande zote mbili za kisu, ndipo anachana ganda kwa urefu. Ndizi inadondoka moja kwa moja kwenye sufuria itakayoipika, yenye maji tayari ili isiwe nyeusi. Beseni halihusiki. Nyama inaiva, ndizi zinaiva, mwiko unaponda mlemle.

Tulipikia nje kwa kuni. Kabla sufuria haijakaa kwenye mafiga niliipaka sabuni ya mche iliyolowa, upande wa nje tu, chini na ubavuni. Masizi yanashika ile sabuni badala ya kushika sufuria, na baadaye yanatoka kwa kupitishiwa maji.

Mpaka hapo ilikuwa siku nzuri.

Saa sita kasoro maji yakakatika. Tangi lilikuwa limebakiwa na ya choo na ya kupikia. Na ni muda huohuo mjomba akaingia na rafiki zake watatu.

Mjomba ni mtu mwema, sitamsema vibaya. Ananiita "dada yangu", anauliza wanangu wanaendeleaje shuleni. Ila glasi akishaishika mara moja, haishiki tena. Alianza na maji. Kisha juisi ya parachichi, glasi nyingine, kwa sababu "ile ilikuwa na maji". Kisha maji ya kushushia juisi, glasi nyingine, kwa sababu "hii ina juisi". Soda ya chupa, yenye mdomo wake kabisa, akaimimina kwenye glasi. Rafiki zake wakaiga. Nilipopita kukusanya nilizikuta dirishani, juu ya friji, kwenye boneti ya gari, na moja imesimikwa kwenye nyasi pembeni ya kiti, sisimizi wameshafika. Na siyo glasi za kawaida. Alipokosa za chini alifungua kabati la kioo sebuleni akatoa zile za harusi, zenye mstari wa dhahabu mdomoni, ambazo hazitaki stilwaya, hazitaki kubanana kwenye beseni, na bosi mwenyewe huzigusa Krismasi.

Nikamfuata taratibu. "Mjomba, maji yamekatika. Naomba tutumie hivi vya kwenye sinia, nawafungia kila mtu uzi wake."

Akacheka. "Dada yangu, mgeni hafungwi uzi."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Ukifanya kazi kwenye nyumba ya watu unajifunza kucheka huku unahesabu ndoo zilizobaki.

Halafu nyama ikaja. Alikuwa ameagiza mbuzi choma bila kutuambia, ikaletwa na bodaboda, moto, inachuruzika. Sasa kila mtu akataka sahani ya nyama, sahani ya ndizi za kukaanga, bakuli la mtori, kibakuli cha kachumbari na kingine cha pilipili, maana mmoja wao hapendi vitu vichanganyike. Wakala, wakaongea mpira, wakaongea bei za viwanja, na sahani zikakaa pale zinapoa.

Ambaye hajaosha vyombo Moshi mwezi wa saba hawezi kunielewa. Baridi ile na mafuta ya mbuzi, dakika chache tu sahani imevaa nta nyeupe. Ukiifuata kwa maji ya baridi unaihamishia kwenye sponji, sponji inaipeleka kwenye kila glasi, na inayobaki inaganda ndani ya bomba la sinki. Mtu anayekuambia weka sabuni nyingi hajawahi kuosha bila maji, kwa sababu sabuni nyingi inataka maji mengi ya kuiondoa.

Kwa hiyo unafuta kavu kwanza. Nina ndoo ya magunzi ya mahindi, siyatupi. Gunzi linakwangua mafuta vizuri kuliko karatasi na halichubui, kisha linakwenda kwenye mafiga, na kwa mafuta yale linawaka lenyewe, linachemsha yale maji kidogo niliyokuwa nayo. Baada ya hapo majivu kwenye kitambaa kibichi. Majivu yana magadi yake, yakikutana na mafuta yanageuka sabuni, na sahani inaanza kulia chini ya kidole. Lakini angalia, ni kwa sahani za udongo na vyombo vya chuma cha pua. Sufuria ya alumini ukiisugua kwa majivu yanaila na kuitia weusi. Hiyo ikishapiga weusi ndani ichemshie maji ya ukwaju au ndimu, itarudi.

Nilikuwa nimeinama hapo, mgongo hauna habari na mimi tena, nikasikia kiti cha mjomba kikisogea. Anaelekea kabatini. Sijui ilikuwa saa ngapi, nilishaacha kuangalia.

"Wewe, kaa," bibi akasema.

Alikuwa barazani muda wote, hajatia neno. Akaniita. "Mwanangu, funga hilo kabati, niletee ufunguo."

Nikamletea. Akaufunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, akarudi kwenye mtori wake. Mjomba akabaki amesimama katikati ya sebule, mtu mzima na ndevu zake. Akaitazama sinia. Mwisho akachukua kikombe, akanyoosha mkono bila kuniangalia usoni, nikamfungia uzi wa njano. Rafiki zake waliobaki na soda walikunywa kwenye chupa, na hakuna aliyedhurika.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mpigo. Glasi za dhahabu moja moja, kwa kidole na kitambaa laini. Watoto wakarudi, wakala, wakaloweka sahani zao wenyewe kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Sufuria ya mtori ikavuliwa masizi yake. Nikaloweka mahindi na maharage, kesho ni makande.

Bosi aliingia giza linakaribia. Akatazama kaunta tupu, akatazama kichanja, akaweka mkoba. "Leo hamkuwa na kazi nyingi, eeh?"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikamwambia maji yamekatika tangu saa sita, na tangi linataka kujazwa yakirudi usiku.

Nipo kwenye daladala ya Pasua, miguu imevimba ndani ya viatu, simu ikaita. Bosi. Mjomba ameongeza siku, atakaa mpaka Jumapili, na kesho anakuja na wenzake wengine wa kusoma nao. Nikamuuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Akasema bado uko kwa mama.

"Basi sawa," nikamwambia. "Ninunulie nyuzi."