Siku Moja Dodoma: Dakika Chache za Mbunge wa Upinzani Katika Bajeti ya Maji

Mimi ni katibu wa mbunge wa upinzani. Sehemu kubwa ya mwaka huwa jimboni, nikipokea wananchi ofisini na kuzunguka kata kwa kata, lakini Mkutano wa Bajeti unapoanza mwezi Aprili nahamia Dodoma hadi mwishoni mwa Juni, kwa kuwa mbunge asiye na hesabu mkononi katika kipindi hicho huishia kutoa shukrani na kukaa. Siku ninayoieleza hapa ilikuwa ya pili na ya mwisho katika mjadala wa makadirio ya Wizara ya Maji.

Saa 11:00 alfajiri

Nimeamka na kufungua Kitabu cha Nne cha makadirio, ambacho ndicho chenye fedha za maendeleo, na nikakiweka kando ya hotuba ya Waziri iliyosomwa jana. Ninachotafuta katika Fungu 49, ambalo ndilo la Wizara ya Maji, si jumla kubwa iliyopamba vichwa vya habari. Natafuta namba mbili kwa kila mradi unaotuhusu: fedha iliyoidhinishwa na Bunge mwaka uliopita, na fedha iliyotolewa hadi mwezi Aprili. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, kwa hiyo Aprili ikiisha miezi kumi imekwisha kupita, na mradi ambao hadi hapo haujapokea hata nusu ya fungu lake hauwezi kuokolewa na miezi miwili iliyobaki. Kwa maoni yangu, mchango wowote wa upinzani kuhusu huduma za jamii unapaswa kuanzia kwenye pengo hilo. Kuidhinisha ni kazi ya siku moja ukumbini. Kutolewa kwa fedha ni jambo la mwaka mzima, na hapo ndipo macho ya wengi hayafiki.

Kuna jambo jingine ninaloliandika pembeni ya karatasi, nalo ni Mfuko wa Maji, unaochangiwa na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Pendekezo la kuifanya tozo hiyo iwe shilingi 100 limejadiliwa bungeni zaidi ya mara moja, na waliolisemea wamo pia wabunge wa chama tawala. Nalitaja kwa sababu watu hudhani kwamba hoja yenye kuikosoa Serikali lazima itoke upande wetu. Si kweli. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa chama tawala akishakosoa huketi na kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, nasi hatuna deni hilo.

Saa 1:30 asubuhi

Tumekaa sebuleni kwenye nyumba aliyopanga mbunge wangu huko Kisasa. Anasoma mchango kwa sauti, nami nimeshika simu yenye saa ya kuhesabu dakika. Amefika nusu ya ukurasa wa kwanza nikamsimamisha.

"Mheshimiwa, shukrani peke yake zimekula dakika nzima."

"Mdogo wangu, nisipomshukuru Mungu na wapiga kura wangu, watasema madaraka yamenilevya."

Tumekubaliana kwamba shukrani zitakuwa sentensi moja, na kwamba aya tatu kuhusu vyanzo vya maji, ankara za mijini na mita za malipo ya kabla zitapelekwa kwa maandishi. Kinachobaki kwa mdomo ni jambo moja: mradi ambao mabomba yake yamelazwa hadi kijiji cha tatu, tangi limejengwa, na mkandarasi ametoka saiti kwa sababu hati zake za madai hazijalipwa. Mbunge hakupenda kuacha yale mengine. Ninamwelewa, maana kila kata ina kilio chake na kila diwani atataka kusikia jina la kata yake, lakini mchango wenye mambo kumi humpa Waziri uhuru wa kuchagua mawili mepesi ya kujibu.

Ufinyu huu wa muda una historia yake. Katika Bunge la 2015 hadi 2020 wabunge wa upinzani walizidi mia moja, kukawa na Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni chini ya Freeman Mbowe, na kila wizara ilikuwa na Waziri Kivuli, yaani msemaji wa upinzani kwa wizara hiyo, aliyewasilisha hotuba ndefu, yenye takwimu na mapendekezo mbadala, mara baada ya maoni ya Kamati ya Bunge inayohusika. Kanuni zinataka upinzani ufikishe angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote ili kambi hiyo iundwe. Baada ya uchaguzi wa 2020 kiwango hicho hakikufikiwa. Kwa kuwa nafasi za kuchangia hugawanywa kwa uwiano wa vyama, chama chenye wabunge wachache hupata jina moja au mawili kwenye orodha ya siku, na yale ambayo zamani yangeenea kurasa nyingi za hotuba ya Waziri Kivuli sasa yanabanwa katika dakika chache za mtu mmoja.

Saa 3:00 asubuhi

Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, imeingia, Spika amesoma dua, na maswali yameanza. Mimi niko jukwaa la wageni na daftari, simu nimeizima. Kipindi cha maswali sikifuatilii sana leo, isipokuwa pale Naibu Waziri anapotaja mradi wowote wa vijijini, kwa sababu jibu lolote la asubuhi linaweza kutumika kama ushahidi mchana.

Saa 5:20 asubuhi

Jina lake limeitwa. Amesimama, ameshukuru kwa sentensi moja kama tulivyokubaliana, kisha akasoma namba mbili, ya kuidhinishwa na ya kutolewa, bila kuongeza kivumishi hata kimoja. Ukumbi ulitulia. Alipoanza kueleza kuhusu tangi lisilo na maji, mbunge mmoja wa upande wa pili akasimama na kusema, "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Taarifa yenyewe ilikuwa kwamba Serikali imeunda wakala wa maji vijijini kwa Sheria ya mwaka 2019, na kwamba hali imebadilika sana tangu hapo. Hilo la sheria ni kweli, ila halikuhusu hati za madai hata kidogo. Alipoulizwa kama anaipokea taarifa, mbunge wangu alijibu kwa ufupi kwamba anaipokea, na kwamba wakala huyo huyo anahitaji fedha zilizoidhinishwa ili afanye kazi aliyopewa na sheria hiyo. Nilifurahi kimoyomoyo. Kuikataa taarifa kwa hasira kungemla muda na kumtoa kwenye hoja, na mara nyingi hilo ndilo lililokusudiwa.

Kengele ya kwanza ilimkuta kwenye pendekezo, ya pili ikamkuta kwenye "naomba kuwasilisha".

Saa 7:00 mchana

Bunge limesitishwa hadi saa 10:00 jioni. Nimewasilisha mchango wa maandishi, ambao nao utaingia kwenye Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, kisha nikatafuta kipande cha video cha asubuhi na kukituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kata. Tangu mwaka 2016, TBC ilipoacha kurusha moja kwa moja vikao vyote kama ilivyokuwa zamani, kazi ya kumfikishia mpiga kura alichosema mbunge wake imetuangukia sisi makatibu. Chakula nimekila nikiwa nimesimama.

Saa 10:00 jioni

Waziri anahitimisha hoja yake. Ukitaka kujua jambo lipi limemgusa, usimtazame yeye. Watazame wataalamu wa wizara walioketi nyuma, jinsi vimemo vinavyoandikwa harakaharaka na kupelekwa na wahudumu mbele. Mbunge wangu alitajwa katika orodha ya waliochangia, na mradi wake ukapata jibu la jumla kwamba Serikali inaendelea kutafuta fedha.

Kisha Bunge likakaa kama Kamati ya Matumizi kupitia makadirio kifungu kwa kifungu, na hapa ndipo penye uhondo. Katika kifungu cha Utawala na Rasilimali Watu umo mshahara wa Waziri, nao humpa mbunge nafasi ya kuomba ufafanuzi wa jambo moja la kisera na, asiporidhika, kutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo. Hakuna anayetarajia Waziri apungukiwe kweli. Shilingi ile ni mlango wa kufungua mjadala mfupi ambao Waziri hawezi kuukwepa kwa jibu la jumla. Mbunge wangu aliuliza: hati za madai zilizokwisha kuhakikiwa zitalipwa lini, kwa utaratibu gani? Jibu likawa lile lile la jumla. Akashika shilingi, na waliosimama kumuunga mkono walikuwamo wabunge wa chama tawala ambao majimboni kwao kuna mabomba makavu ya aina hiyo hiyo. Baada ya wachangiaji kadhaa, Waziri alisimama tena na kusema kwamba madai yaliyohakikiwa ya mradi huo yatalipwa kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Mbunge akarudisha shilingi, yaani akaiondoa hoja yake.

Wapo watakaosema alirudi nyuma. Mimi naona alifanya hesabu sahihi, kwa sababu kura ingepigwa, angeshindwa kwa sauti ya "siyo" iliyojaa ukumbi, na ahadi isingetolewa. Wingi hatuna. Isitoshe, Ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, jambo ambalo huwafanya hata wenye uchungu upande wa pili wapime hatua zao. Mwaka 2007, hoja ya Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa upinzani, ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe ilimletea adhabu ya kusimamishwa ubunge kwa muda, lakini mambo hayakuishia hapo: Rais aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, Zitto mwenyewe akawa mjumbe, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Hoja iliyoshindwa ukumbini ilifika kwenye sheria kwa njia nyingine.

Vifungu vilivyobaki vilipitishwa kwa pamoja kwa gilotini, yaani bila kujadiliwa kimoja kimoja, muda ukiwa umekwisha.

Saa 3:00 usiku

Nimenakili maneno ya Waziri neno kwa neno kutoka kwenye daftari, nitayalinganisha na Taarifa Rasmi itakapotoka. Nimeandika barua kwa mkandarasi kumwomba nakala za hati zake zote, na nimeandaa swali la msingi kwa ajili ya mkutano utakaofuata: "Je, ni lini Serikali itakamilisha malipo ya mkandarasi wa mradi huo ili wananchi wapate maji?" Maswali mawili ya nyongeza nimeyaacha wazi hadi Juni 30 ipite, tujue kwanza kama fedha imetoka.