Vifungo vya Askari Hupatikana Alikolala, Si Alikopigana

Ukimwambia mtu unatafuta vifungo vya sare za zamani za kijeshi kwa detekta, mashine ya kutambua metali ardhini, atakuuliza umeenda kwenye uwanja gani wa vita. Mimi siendi huko. Kwanza, baadhi ya viwanja vya namna hiyo vimefungwa kisheria. Uingereza ina sheria ya mwaka 1979 inayokataza kutumia detekta kwenye maeneo ya kale yanayolindwa bila kibali cha maandishi, na Marekani ilitunga yake mwaka huohuo kulinda mabaki ya kale katika ardhi ya umma. Pili, hata kama pangekuwa wazi, hapo sipo vifungo vinapopotea kwa wingi. Mapigano huisha kwa saa chache. Kambini askari anakaa wiki, pengine miezi. Anafua, anapasua kuni, analala na koti lake, anashindana mieleka na wenzake, anashona kwa uzi uliokwisha kuoza. Kifungo hukatikia huko.

Nilipolielewa hilo, kazi ilihamia mezani. Nilikaa na ramani za zamani nikijiuliza swali moja tu: kama ningekuwa na watu mia kadhaa na farasi, wamechoka, jua linazama, ningewalaza wapi? Lazima pawe tambarare, pasituamishe maji ya mvua, pawe karibu na kijito au kisima, na pasiwe mbali na barabara. Jeshi la miguu lilitembea kilomita 20 au 25 kwa siku, basi ukijua lilikotoka na lilikokuwa linakwenda, unaweza kupima kwenye ramani na kuona mahali pa kulala pangeangukia wapi. Mara nyingi panaangukia penye mashamba matatu au manne yanayofaa, na hapo ndipo unapoanza kubisha hodi.

Mwenye shamba nililolitaka zaidi alikuwa mzee wa maneno machache. Nilimweleza ninachotafuta, nikamwonyesha picha, nikamwambia kila nitakachokitoa atakiona. Akanitazama miguu kwanza, kisha sepetu. "Chimba," akasema, "lakini ng'ombe wangu akivunjika mguu kwenye shimo lako, utamnunua." Tukaandika karatasi, tukatia saini: vitakavyopatikana ni vyake mpaka tukubaliane vinginevyo, sichimbi palipopandwa, mashimo yote nayafukia. Karatasi hiyo ilinifaa kuliko vifaa vyote nilivyokuwa navyo, kwa sababu ilinifungulia na shamba la jirani yake.

Sasa detekta yenyewe. Koili, ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya udongo, inarusha mawimbi ya sumaku ardhini. Metali iliyopo inapata mkondo mdogo wa umeme, nao unarudisha wimbi lake. Mashine inapima wimbi hilo limechelewa kiasi gani, kisha inakupa sauti na namba. Chuma huwa chini kabisa, fedha na shaba nene huwa juu. Kifungo kinakaa katikati, na katikati ndipo penye takataka zote za dunia: karatasi za alumini, vipete vya kufungulia makopo, vipande vya risasi, vizibo vilivyopondwa. Watafuta sarafu wengi huizima sehemu hiyo ili wasisumbuke. Ukiizima, umevizima na vifungo, hasa vile vidogo vya aloi ya bati, yaani bati lililochanganywa na metali nyingine, ambavyo namba yake hupanda juu kidogo tu ya ile ya karatasi ya alumini.

Nilichofanya ni kuacha kila kitu wazi isipokuwa chuma. Koili nilitumia ndogo, maana kambi ya zamani ina misumari ya viatu na ya farasi kila hatua, na koili kubwa inaona misumari mitano na kifungo kimoja kama kitu kimoja. Nilipunguza unyeti hadi mashine ilipoacha kulialia yenyewe. Nikatembea polepole, polepole hasa, kila mfagio wa koili ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Sauti ya kifungo ni fupi, ya mviringo, na inarudi ileile ukigeuka robo duara na kuipita tena. Msumari uliopinda nao unaweza kukudanganya kwa mlio mzuri wa juu, ila ukigeuka, mlio unavunjika au unahama mahali. Hilo la kugeuka usilipuuze hata mara moja. Liliniokolea mgongo.

Takataka za alumini hakuna ujanja wa kuzikwepa. Unazichimba, unazitia mfukoni, unaendelea. Anayekuambia anavitambua vifungo kwa sauti tu bila kuchimba, mpe detekta umtazame.

Shambani pale nilipita sehemu ya juu bila kupata cha maana, nikashuka kuelekea kijito. Karibu na maji sauti zikabadilika: chuma kikazidi, halafu risasi za duara, nyingine hazijawahi kupigwa, nyingine zimetafunwa na meno. Meno ya nani, sijui. Nguruwe wanazitafuna pia. Kisha mlio mfupi wa katikati, namba ikitulia. Nilikata bamba la nyasi pande tatu nikaligeuza kama mfuniko, nikatumia detekta ndogo ya mkononi kwenye udongo uliolegea. Kikatoka kitu cha kijivu, cheusi kidogo ukingoni, kipana chini ya sentimita mbili. Sikukisugua. Hamu ya kupitisha dole gumba juu yake ni kubwa mno, lakini chembe ya mchanga chini ya dole inatosha kufuta maandishi yaliyodumu ardhini karne mbili. Nilikipulizia, nikakiinamisha kwenye mwanga wa pembeni. Namba ikajitokeza, ndani ya duara.

Namba ndiyo yote. Kuanzia 1767 jeshi la Uingereza liliamuru kila kikosi cha watembea kwa miguu kiweke namba yake kwenye vifungo, na hali ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Vya askari wa kawaida vilikuwa vya aloi ya bati hadi 1855, vilipobadilishwa kuwa vya shaba ya manjano. Mwaka 1871 askari hao wakapewa kifungo kimoja cha jumla chenye nembo ya ufalme, simba upande mmoja na farasi mwenye pembe upande wa pili, na namba zenyewe zikafutwa kabisa mwaka 1881 vikosi vilipopewa majina. Kwa hiyo kifungo cha bati chenye namba kilikwisha kunieleza mambo mawili hata kabla sijakitia mfukoni: aliyekivaa hakuwa ofisa, na kilishonwa kwenye koti kabla ya 1855. Historia ya kikosi chenye namba ile ikaonyesha walipita njia hiyo. Ikalingana na ramani.

Nchi nyingine zina lugha zao za vifungo. Ufaransa wakati wa Napoleon nao waliweka namba za vikosi. Marekani, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, waliweka tai, na kwenye ngao iliyo kifuani mwa tai wa vifungo vya maofisa kuna herufi: I kwa watembea kwa miguu, A kwa mizinga, C kwa wapanda farasi. Vya askari wao wa kawaida ngao haina herufi. Ukipata kifungo chenye nembo ya Uingereza bila namba, tazama taji. La mabega ya mviringo yanayopanda juu lilitumika 1901 hadi 1952. Lenye mabonde katikati kwa kawaida ni la enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili, 1952 hadi 2022. Kosa la kawaida ni kukiita kifungo "cha Vita Kuu ya Kwanza" wakati taji lake ni la mwaka 1953.

Lakini mimi hukigeuza kifungo kabla ya kuangalia uso wake. Nyuma ndiko wengi hawatazami, na nyuma ndiko kuna ukweli. Kama ni kipande kimoja bapa chenye kipete cha waya kilichochomelewa, ni cha zamani zaidi. Kama kimefumbika kwa vipande viwili, uso umekunjwa juu ya mgongo, hicho ni cha karne ya 19 kwenda mbele. Na mara nyingi mgongoni kuna jina la mtengenezaji likizunguka kipete. Firmin wa London waliandika na mtaa wao, Strand, na anwani zilivyobadilika ndivyo tarehe inavyojulikana. Scovill wa Waterbury, jimbo la Connecticut, waliandika jina la kampuni kama lilivyokuwa wakati huo, na kampuni ilichukua jina la Scovill Manufacturing mwaka 1850. Kifungo chenye maneno hayo hakiwezi kuwa cha kabla. Nimewahi kuona mtu akibishana kwa saa nzima kuhusu uso wa kifungo ilhali jibu limeandikwa mgongoni.

Kuna jambo moja linaloharibu nadharia nzuri, nami nalitaja kwa sababu nimeona watu wakitangaza kambi kwa kifungo kimoja. Sare kuukuu ziliuzwa. Wakulima na vibarua walizivaa mpaka zikachanika, na matambara ya sufu, ambayo yana naitrojeni, yalimwagwa mashambani kama mbolea, hasa Uingereza. Kifungo kikaingia ardhini pamoja na tambara, bila askari yeyote kukanyaga hapo. Ndiyo maana kila nilichokitoa nilikiwekea alama kwenye ramani ya shamba. Vya mbolea hutawanyika sawasawa shamba zima na huchanganyika na vya vikosi vya kila namna. Vya kwetu pale vilijikusanya upande wa kijito, pamoja na risasi za duara na misumari ya viatu, na vilivyosomeka vilikuwa na namba ileile. Mzee alipoiona ramani ile alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama walilipa walipokata miti yake. Ya babu yake, alimaanisha.

Kuhusu usafi, niseme kwa ufupi kwani mabishano yake hayaishi. Cha shaba chenye mabaki ya dhahabu usikiguse kwa siki, limau wala brashi ya waya; dhahabu ile ni utando mwembamba sana na kutu ya kijani iko chini yake, ukiing'oa kutu unaing'oa na dhahabu. Mimi nalowesha kwa maji yaliyochujwa chumvi, natoa udongo kwa kijiti cha mti kilicholainishwa ncha, chini ya lenzi, kisha naacha kikauke taratibu. Cha aloi ya bati nakiacha na udongo wake kama kinameguka. Ukiona unga mweupe au ukingo unaochibuka, acha kabisa, mpelekee mtaalamu wa makumbusho.

Na kama mlio ni mkubwa, umbo ni refu, chuma kina mkanda wa shaba, usiendelee kuchimba. Inaweza kuwa kombora. Weka alama kwa mbali, ondoka, piga simu polisi. Baruti haijali ni ya mwaka gani.

Vifungo vya shambani pale sasa vimo kwenye bahasha za karatasi, kila kimoja na namba ya nukta yake kwenye ramani, kina chake na tarehe. Nilikuwa nataka kuvipanga kwenye sanduku zuri la mbao ya mwaloni, ila mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaokula madini ya risasi na aloi zake, kwa hiyo nikanunua la chuma lililopakwa rangi. Mzee alichukua kimoja, kile chenye namba inayosomeka vizuri zaidi. Vingine na ramani yake tulikubaliana viende makumbusho ya wilaya, na msimu wa mavuno ukiisha nitaanza shamba la jirani, upande wa pili wa kijito, ambako ramani ya zamani inaonyesha kivuko.