Chini ya Kuba la Soltaniyeh

Nililiona kuba kabla ya kuuona mji. Tulikuwa tumetoka mji wa Zanjan, kaskazini-magharibi mwa Iran, asubuhi na mapema, na pande zote mbili za barabara ni uwanda mtupu, nyasi kavu na upepo. Mara kwa mbali kikachomoza kitu cha samawati. Dereva akanyoosha kidole. "Agha, Soltaniyeh."

Mimi nimelelewa Tanga, na chuoni maalimu wetu alikuwa akishusha sauti kila alipofika mwaka 1258. Ndio mwaka ambao Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, aliivunja Baghdad. Khalifa al-Musta'sim aliuawa. Inasimuliwa kwamba alizongwa ndani ya zulia akakanyagwa na farasi, kwa kuwa Wamongolia hawakutaka damu ya mtawala imwagike ardhini. Vitabu vikatupwa mtoni, hata maji ya Tigris, wasimulizi wanasema, yakawa meusi kwa wino. Sisi watoto tulivililia vile vitabu. Basi nilikwenda Iran nikiwa na kinyongo cha zaidi ya miaka 700, na sioni haya kukisema.

Jengo lile lilijengwa liwe kaburi la Öljaitü, kitukuu cha Hulagu huyo huyo, likakamilika mwaka 1312 hivi. Mama yake alikuwa Mkristo, naye akabatizwa utotoni kwa jina la Nicholas. Baadaye alisilimu, kama kaka yake Ghazan aliyesilimu mwaka 1295 na kuitawala Iran kabla yake, akaitwa Muhammad Khodabandeh. Khodabandeh maana yake ni mtumwa wa Mungu. Tangu khalifa auawe hadi Öljaitü akalie kiti mwaka 1304, haijapita hata miaka 50.

Kuba linapanda kiasi cha mita 50, matofali matupu yaliyovikwa vigae vya samawati, tena ni la tabaka mbili: moja unaliona ukiwa ndani, la pili ukiwa nje, na kati yake pana uwazi. Kwa Iran, katika makuba ya namna hiyo yaliyobaki, hakuna la zamani kuliko hili. Nilipanda ngazi nyembamba za ndani ya ukuta hadi roshani za juu. Dari zake zimechorwa kwa nakshi nyekundu na nyeupe, maua na nyota zilizofumana kama kurasa za mwanzo za msahafu ulioandikwa kwa mkono. Nikakaa sakafuni nikitazama juu mpaka shingo ikauma. Ni jengo zuri kuliko yote niliyowahi kuingia, na muda wote niliokuwa nikilistaajabia watu wa Baghdad hawakunitoka moyoni.

Alasiri dereva alinipeleka kijiji cha Viar, jirani na hapo. Kuna mwamba uliochimbwa zama za Wamongolia, na ubavuni mwake limechongwa joka la Kichina, mwili wote umejipinda. Karibu yake kuna vishubaka vya nakshi za Kiislamu. Hulagu alikuwa ndugu wa Kublai, mtawala wa China, na baina ya milki hizo mbili walisafiri mafundi, waganga na wanajimu. Nililipapasa lile joka kwa macho tu, nikiogopa kuligusa.

Neno "agha", yaani bwana, lilinifuata safari nzima. Muuza mkate, kondakta, mzee wa msikitini, wote "agha". Wajuzi wa lugha wanalirudisha kwenye Kimongolia, ambako aqa ni kaka mkubwa. Sisi watu wa pwani tuna maneno ya Kiajemi tangu zamani, bandari, pamba, rangi, na kila nilipoyasikia njiani nilifurahi kama aliyekutana na ndugu. Hili la agha lilikuja na wapanda farasi.

Katika mji wa Tabriz nilikaa siku mbili. Hapa mwaka 1294 Gaykhatu, mtawala mwingine wa ukoo wa Hulagu, alijaribu kulazimisha noti za karatasi kwa kuiga China. Wafanyabiashara wakafunga maduka na mpango ukafa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita mwaka 1327, akastaajabia vito vya sokoni. Mwaka 1331 yuko Kilwa. Nikiwa chini ya mapaa ya matofali ya soko la leo, jambo hilo lilinigusa sana.

Jioni ya mwisho nilipanda kwenye magofu ya Rab'-e Rashidi. Rashid al-Din, tabibu wa Hamadan aliyezaliwa Myahudi akasilimu, alikuwa waziri wa Ghazan na wa Öljaitü. Hapa alijenga mtaa mzima wa wakfu: msikiti, hospitali, maktaba, nyumba za wanafunzi. Mwaka 1318 aliuawa kwa kusingiziwa kwamba alimpa Öljaitü sumu, na mtaa ukaporwa. Hati ya wakfu ilinusurika, kurasa nyingine zikiwa kwa mwandiko wake. Inaagiza vitabu vyake vinakiliwe kila mwaka, nakala ya Kiarabu na nakala ya Kiajemi, zipelekwe katika miji ya Waislamu.

Nilisimama kwenye vifusi nikimuwaza maalimu wangu na maji meusi ya Tigris. Jua lilikuwa linazama. Mlinzi akanijia polepole.

"Agha," akasema kwa upole, akinionyesha njia ya kushukia.