Maringo si madaha

Kila mwisho wa muhula naandika maoni kwenye ripoti za watoto 42, mstari mmoja kwa kila mtoto. Mstari wenyewe ni mfupi, kwa hiyo neno moja la tabia linambeba mtoto mzima mpaka nyumbani. Mwaka wangu wa tatu kazini niliandika juu ya msichana mmoja: "Ana bidii, ila apunguze maringo." Mama yake akaja na ripoti, akaweka kidole juu ya neno lile. "Mwalimu, mwanangu hana maringo. Ana madaha. Ndivyo anavyotembea tangu aliposimama dede."

Nilinyamaza, maana alisema kweli. Yule binti alikuwa mrefu, wa taratibu, akiitwa hugeuza shingo polepole. Hata akivuka uwanja mtupu peke yake, mwendo ulikuwa uleule. Na hapo ndipo tofauti ilipo. Anayeringa anamringia mtu. Pasipo mtazamaji maringo yanakwisha. Madaha yamo mwilini, mtu anayo hata gizani. Nilikuwa nimemhukumu mtoto kwa mwendo wake. Nikaiandika upya ripoti ile mbele ya mama yake.

Tangu siku hiyo nina daftari la maneno ya tabia, na kurasa za watu wa kujionyesha ndizo zilizojaa kuliko zote. Mikogo, kwa mfano. Inatokana na kukoga, na kitenzi hiki kina ukali wake: mtu huwakoga wenzake. Anavaa kiatu kipya, anapita walipo wasio nacho, anarudi tena. Nyodo zina dharau ndani yake, mdomo unabinuka kabla neno halijatoka. Mbwembwe hazina ubaya huo. Ni manjonjo ya kupamba jambo, na mwenye mbwembwe anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Ngebe ni za mdomo, maneno mengi na makelele. Mshaufu naye anapenda kujipitisha ili aonekane. Ukimwita mwenye mbwembwe kuwa ana nyodo, umemzulia dharau asiyokuwa nayo.

Jambo moja lilinijia nilipokuwa nayapanga kwa ngeli. Maringo, madaha, majivuno, mikogo, mbwembwe, nyodo: yote tunayasema kwa wingi. Hatusemi "ringo moja". Naamini ni kwa sababu kujionyesha ni vitendo vidogo vidogo vingi, bega hili, jicho lile, kicheko kirefu kuliko kichekesho. Upole, ukarimu, unyenyekevu na uaminifu vinakaa kwenye U, kitu kimoja kilichotulia. Kiburi kina KI- yake peke yake. Neno hilo limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na takabari, wenye maana ya ukubwa, na mtu anaweza kuwa nacho bila kuonyesha chochote. Nimefundisha watoto wakimya, wasioringa hata kidogo, wenye kiburi kizito.

Halafu ipo -ji-. Kujisifu, kujigamba, kujitapa, kujinaki, kujikweza, kujishaua, kujidai. Silabi hiyo inamrudishia mtendaji kitendo chake, na ukiyasoma maneno haya mfululizo utadhani Kiswahili kinachukia mtu ajifanyie jambo lolote. Sivyo. Kujiamini, kujiheshimu, kujituma na kujitolea yana -ji- ileile. Neno ninalolipenda zaidi ni kujivunia. Anayejivuna amevimba, basi. Ongeza I moja tu, na sasa yupo mwingine au kipo kitu nje yake: anajivunia dada yake, anajivunia kazi aliyoimaliza. Nawafundisha watoto tofauti hiyo kwa sauti, kujivuna, kujivunia, mpaka waisikie.

Hata majigambo yana mahali pake pa heshima. Katika fasihi simulizi ni kipera kamili: shujaa anasimama mbele ya watu, anajitungia sifa zake na kuzighani. Kinachomlinda ni kwamba amezitenda kweli, na wanaomsikiliza wanajua.

Ndiyo maana wiki hii nimekwama kwa mvulana mmoja. Akishinda mbio anasimulia mbio nzima, kwa mikono, kwa miguu, anaigiza hata waliomfuata nyuma, na wao ndio wanaocheka kwanza. Mwenzangu mmoja anasema ni ngebe. Mwingine anasema anajisikia. Mimi nimemtazama anavyomsimulia pia mwenzake aliyemshinda, kwa furaha ileile na mikono ileile, hapunguzi kitu. Kwenye ripoti yake nimeandika "mchangamfu" kwa penseli, nikafuta, kwa kuwa linamfaa yeyote anayetabasamu. Sasa pameandikwa "ana mbwembwe na moyo mkunjufu", bado kwa penseli. Ripoti zinatoka Ijumaa.