Kumbukumbu ya mradi: samaki wa vidimbwi na lebo ya "Zanzibar"

Wiki hii nimeendelea kusafisha jedwali la rekodi za makumbusho za samaki wa jenasi ya Bathygobius, wale wadogo wenye rangi ya mwamba wanaosalia vidimbwini maji yanapokupwa, na karibu muda wangu wote umeishia kwenye neno moja: "Zanzibar".

Rekodi hizo nilizipakua kutoka GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe yenye makao Copenhagen. Majina ya kale hayakunisumbua, kwani Gobius fuscus, aliyeelezwa na Rüppell mwaka 1830 kutoka Bahari ya Shamu, leo ni Bathygobius fuscus. Mahali ndipo penye tatizo. Katika miaka ya 1860, Playfair, konseli wa Uingereza, alipokuwa akikusanya samaki ambao Günther, mtaalamu wa samaki, aliwachunguza London, Zanzibar lilikuwa jina la kisiwa, la mji, na pia la himaya ya Sultani iliyoenea hadi mwambao wa bara. Kwa hiyo lebo ya zama hizo isiyo na neno jingine haithibitishi hata kwamba samaki alivuliwa Unguja.

Baadhi ya rekodi za namna hii zimepewa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani) ya katikati ya kisiwa, na kwenye ramani yangu samaki wa mwambani wakajikuta karibu na Dunga, mashambani, ambako hata bamvua kubwa kuliko zote haifiki. Sikuzifuta. Nimeiacha nukta na kuandika kando yake kiwango cha shaka cha mita 45,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa Unguja, ambao ni kilomita 85 hivi. Zile ambazo huenda zilitoka bara nimeziondolea nukta kabisa.

Rekodi za karne ya 20 zina nafuu, na sababu yake inanivutia. Wakusanyaji wengi walimwaga rotenoni, sumu ya samaki itokayo kwenye mimea, kidimbwini wakaokota kila kilichoelea, jambo lisilo geni kwa wazee wetu waliovua kwa utupa, mmea wenye sumu ya jamii hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba samaki wa spishi mbalimbali waliotoka kidimbwi kimoja siku moja huwa na namba moja ya uwandani, yaani ile waliyopewa na mkusanyaji palepale, hata kama makumbusho baadaye yaliwagawa katika chupa tofauti. Nilipopanga jedwali kwa namba hiyo badala ya jina la spishi, safu tatu zisizo na mahali zilipata jirani aliyeandikiwa mahali kamili.

Nimesahihisha pia kosa langu la awali: nilihesabu kila rekodi kuwa samaki mmoja, ilhali namba moja ya usajili ya makumbusho inaweza kuwa ya chupa yenye samaki kadhaa.

Zimebaki safu mbili ambazo tarehe na namba ya uwandani hazipatani. Nimeomba picha za lebo zake, na hadi zifike sitazigusa.