Sanduku la magma: paa limeinuka

Tangu nichanganye mchanga na unga, sanduku langu la kioo limeanza kunionyesha nilichokuwa nakitafuta: namna magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inavyoinua miamba iliyo juu yake bila kutoka nje.

Unga una kazi kubwa hapa. Sentimita moja ya sanduku ikisimama mahali pa kilometa moja ya ardhi, uimara wa "mwamba" nao lazima ushuke mara laki moja hivi, la sivyo matabaka hayatapinda wala kupasuka inavyotakiwa. Mchanga mtupu huporomoka tu. Ukitiwa unga hushikamana kidogo, na ufa ukitokea hubaki wazi. Magma yenyewe ni asali, naisukuma polepole kwa bomba la sindano kupitia tundu la chini. Matabaka nimeyatia rangi tofauti.

Safari hii asali ilianza kwa kutambaa ulalo katikati ya matabaka mawili, na juu hapakutikisika kitu. Iliendelea kupanuka hivyo, kisha paa, yaani matabaka yaliyo juu ya asali, likaanza kupanda, na tangu hapo asali ikawa inanenepa zaidi kuliko inavyotambaa. Grove Karl Gilbert aliieleza sababu mwaka 1877, baada ya kuichunguza milima ya Henry kule Utah, Marekani. Nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa nusu kipenyo cha magma, lakini ukinzani wa paa uko kwenye kingo, nao hukua kwa mzingo tu. Kwa hiyo upo upana ambao ukishavukwa, paa halina budi kuinuka. Umbo linalopatikana, bapa chini na la kuba juu, ndilo lakolithi. Kuiona hoja ya karatasini ikitendeka nyuma ya kioo kumenifurahisha mno.

Kileleni matabaka yalivutika, na nyufa zikatawanyika kutoka katikati. Pembeni yalikatika, mipasuko ikianzia kwenye ncha za asali.

Kupima nilifuata njia ya Masao Mimatsu, mkuu wa posta wa Hokkaido, Japani, ambaye kati ya 1943 na 1945 alifunga nyuzi za ulalo mbele yake na kuchora jinsi shamba la karibu lilivyovimba hadi kuwa kilima cha Showa-Shinzan. Nami nimefunga nyuzi mbele ya kioo. Zimenionyesha kwamba kuba la juu ni fupi kuliko unene wa asali, kwa sababu sehemu ya nafasi imepatikana kwa chembe kubanana. Hili nalipa uzito: anayekadiria magma kwa kuangalia uvimbe wa ardhi peke yake anaweza kupata kiasi pungufu.

Sasa naandaa mwanya mwembamba chini ya sanduku ili asali ipande kama ukuta wima, yaani daiki. Mwaka 2007 daiki iliingia chini ya mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania: ardhi iliyo juu yake ilididimia na kuwa kama mfereji, pande zote mbili zikainuka. Nitaisimamisha asali katika vina tofauti na kupima upana wa mfereji kila mara. Nategemea utapanuka kadiri ncha ya daiki inavyobaki chini zaidi.