Jinsi nilivyowanusuru makinda ya shorewanda na paka wetu

Shorewanda walijenga kiota kwenye mpera nyuma ya jiko, na paka wetu akahamishia kikao chake chini yake. Njuga shingoni haisaidii hapo: humshtua ndege anayeweza kuruka, lakini kinda hana pa kwenda hata akiisikia.

Nilianza na mti. Nilizungushia shina kipande kipana cha bati laini, juu ya kimo anachofikia paka akiruka, nikakifunga kwa waya bila kukaza ili gome lisiumie. Matawi yaliyogusa ukuta nikayapogoa, maana angepitia huko. Alijaribu, kucha zikakwaruza bati, akateleza, akaniangalia kwa hasira.

Kazi hasa ni makinda wanapotoka kiotani, takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa. Hushuka vichakani mkia bado mfupi, wakiruka kwa kubahatisha huku wazazi wakiendelea kuwalisha. Siku hizo paka alifungiwa ndani, dagaa tele na kibonge cha uzi cha kuchezea. Alilia mlangoni, watoto wakamhurumia, mimi wala. Kinda tuliyemkuta chini tulimrudisha tawini, na mama yake akaendelea kumletea wadudu.